Fundi wa Rangi: Profaili mpya imenitolea watu wekundu

Haya jamani, safari hii tunaongelea kitu kimoja tu, profaili za kujitengenezea, manake maswali yamejaa na karibu yote yanaanza vilevile: fundi nimepata kifaa cha kupimia, nimechapa chati (karatasi ya viraba vya rangi za kupima), nimepima, nimepata faili langu, alafu picha imetoka mbaya kuliko mwanzo. Nimeyafupisha, na yanayofanana nimeyaunganisha msinichukie. Kwa ambaye ndo anaingia leo, profaili ni faili dogo linaloishia na .icc au .icm, kazi yake ni kuieleza kompyuta kwamba printa hii, kwa wino huu, juu ya karatasi hii, ukiipa namba fulani inatoa rangi gani hasa. Utaratibu wenyewe ulianza 1993, kampuni kadhaa zikiwemo Apple, Adobe, Kodak na Microsoft zilipounda International Color Consortium, ndo hiyo ICC unayoiona kwenye jina la faili. Basi twende.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina printa ya picha ya wino wa pigmenti, katriji nane. Nimeazima spektrofotomita (kifaa cha kupimia rangi), nikachapa chati ya viraba zaidi ya 900, nikapima taratibu, na programu ikanisifia kabisa kwamba kosa la wastani ni delta E 0.7 (delta E ni kipimo cha tofauti kati ya rangi mbili, ndogo ndo nzuri). Nikaingiza profaili kwenye kompyuta, nikafungua Photoshop, nikaichagua, nikachapa. Watu wote wamekuwa wekundu, sura kama wameungua jua, na kijivu kimeingia majenta. Nikirudisha ile profaili ya bure ya mtengeneza karatasi, bila kugusa kitu kingine chochote, picha inatoka nzuri tu, kijivu ndo kinaelekea ukijani kidogo. Nimeipima tena chati ileile, majibu yaleyale. Kifaa kimekufa?

JIBU: Marahaba. Kifaa hakijafa, kingekuwa kinaumwa mara nyingi kisingekupa majibu yaleyale mara mbili. Na jibu umeshanipa mwenyewe bila kujua, pale uliposema ukirudisha profaili ya mtengeneza karatasi picha inatoka nzuri na hujagusa kitu kingine. Hapo ndo pa kushika. Watu wakiona wekundu wanakimbilia kusema rangi imesimamiwa mara mbili, yani Photoshop imegeuza rangi kwa profaili alafu draiva ya printa (programu ya kompyuta inayoiendesha printa) nayo ikaona isipitwe, ikageuza tena. Ugonjwa huo upo kweli na dalili yake maarufu ndo huo wekundu wa majenta. Ila ungekuwa unatokea wakati wa kuchapa picha, profaili zote mbili zingeharibika sawasawa. Yako imeharibika, ya mtengenezaji imepona, kwa hiyo njia unayochapia picha ni safi na kosa lilifanyika siku ile unachapa chati.

Chati ina sharti moja kubwa: namba zilizo ndani ya viraba zifike kwenye printa kama zilivyo, asiwepo wa kuzigusa njiani. Siku ile inaelekea draiva ilikuwa imewashiwa usimamizi wake wa rangi, kwa hiyo ukawa umepima printa iliyokuwa inasaidiwa, profaili ikaandika tabia za printa inayosaidiwa. Sasa hivi unachapa picha draiva ikiwa imezimwa kama inavyotakiwa, printa iko peke yake, na profaili bado inadhani msaidizi yupo. Lazima wapishane.

Na ile delta E 0.7 isikulaze usingizi mzuri, ile ni profaili inalinganishwa na vipimo vilevile ilivyotengenezwa navyo, ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani kwa kutumia majibu yake mwenyewe, hata akiwa amekosa yote atapata mia. Inakuambia hesabu imekaa vizuri. Haikuambii kama chati ilichapwa ipasavyo.

Kosa linaingiaje? Mara nyingi mtu anafungua chati ndani ya Photoshop na kubonyeza chapa. Zamani kulikuwa na chaguo la kuchapa bila usimamizi wowote wa rangi, ila Photoshop CS5 ya 2010 ikaliondoa, na Adobe wakatoa kiprogramu kidogo cha bure kinaitwa Adobe Color Printer Utility, kazi yake ni moja tu, kuchapa chati bila kugusa namba. Kwenye Mac kuna ColorSync Utility, ndani yake unaweza kuamuru faili lichapwe kama chati ya rangi. Na kama programu yako ya kutengenezea profaili ina kitufe chake cha kuchapa chati, tumia hichohicho, usijifanye mjanja wa kusevu chati uikafungue kwingine. Wa ArgyllCMS (programu ya bure ya kutengeneza profaili kwa kuandika amri) ndo wanaopata tabu kidogo hapa, manake amri yake ya printtarg inawapa faili la TIFF na kuwaachia msalaba wa kulichapa wenyewe, kwa hiyo chukueni mojawapo ya hivyo viwili nilivyotaja. Watu wa Mac tena, hakikisheni printa imeongezwa kwa draiva ya mtengenezaji na sio AirPrint (njia ya Apple ya kuchapa bila draiva hiyo), AirPrint inaficha setingi nyingi tunazozihitaji.

Ukichapa upya, kwenye draiva zima rangi kabisa, zima kila kitu kinachojiita maboresho ya otomatiki, chagua aina ya karatasi na ubora, chapa kwa asilimia 100 bila kukuza wala kubana ili litoshe, alafu sevu setingi zote kwa jina. Usitegemee kichwa. Draiva ikijisasisha huwa inarudisha mambo yake ya zamani kimyakimya, na nimeshapoteza siku nzima na karatasi pakiti nzima nikimtafuta mchawi kumbe ni tiki moja imejirudisha.

Chati ikitoka itazame hata kabla ya kupima. Chati ya printa isiyosaidiwa mara nyingi ni mbaya, imekolea kupita kiasi, vijivu vyake vina rangirangi, yani hata wewe unaona huyu anahitaji msaada. Ikitoka nzuri inapendeza na vijivu vimetulia kabisa, shtuka, kuna mtu njiani kaigusa.

SWALI: Fundi, picha zangu zote zinatoka giza. Kwenye skrini zinang'aa vizuri, kwenye karatasi kama jioni. Nimetengeneza profaili mara tatu.

JIBU: Acha profaili, shika skrini. Monita nyingi zinatoka kiwandani zimewashwa mwanga mkali wa kushindana dukani, wewe unaedit picha kwenye taa alafu unashangaa karatasi haiwaki. Shusha iwe kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba, kama una kolorimita (kifaa cha kupimia skrini) inakupimia, kama huna fungua ukurasa mweupe kwenye skrini, weka karatasi tupu pembeni chini ya taa unayotazamia picha, shusha mpaka vifanane.

Kabla hujaanza kupandisha mwanga kwenye mafaili yako ili "printa ielewe", fanya jaribio hili moja. Tafuta picha ya majaribio inayojulikana, zile zenye sura za watu, ngazi ya kijivu na rangi za kila aina, ichape kama ilivyo bila kuiedit hata kidogo. Ikitoka vizuri basi profaili yako haina kosa na ni macho yako yaliyodanganywa na skrini. Na itazame penye mwanga, ISO 3664, kiwango cha kimataifa cha mwanga wa kutazamia picha, inataka kama lux 500 kwa picha ya kutazama kawaida, sasa wewe unaitazama kwenye kona ambapo hata kusoma huwezi.

SWALI: Profaili yangu inaleta unjano. Sio sana, ila picha za nyeusi na nyeupe zinaonekana kama za miaka mingi. Karatasi yenyewe ni nyeupe pee, nyeupe mpaka inaelekea bluu.

JIBU: Hapo uliposema nyeupe mpaka inaelekea bluu nimecheka. Kwanza tenganisha mambo mawili. Angalia sehemu nyeupe kabisa ya picha, uilinganishe na ukingo wa karatasi ambao haujachapwa. Kama ndani ya picha kuna vitone vya wino na ukingoni hakuna, basi umechapa kwa intenti (njia ya kugeuza rangi kwenda za printa) ya absoluti kolorimetriki, ambayo inajaribu kuigiza na weupe wa karatasi nyingine au wa mwanga mwingine. Hiyo ni ya watu wa prufu za matbaa (nakala za kuigiza chapa ya mwisho), wewe wa picha rudi kwenye relativu kolorimetriki (inayofuata weupe wa karatasi yako) au perseptuali (inayobana rangi zote kwa pamoja), umemaliza.

Kama weupe ni safi lakini vijivu vyepesi ndo vina unjano, mshtakiwa ni king'arishi. Karatasi nyingi za picha zimetiwa kemikali zinazokula miale ya UV isiyoonekana na kuitema kama mwanga wa bluu, ndo weupe ule wa kuumiza macho. Ukitaka kuhakikisha, washa tochi ya UV gizani uimulike, ikiwaka bluu basi jibu unalo. Spektrofotomita ambayo taa yake ina UV inaona ile bluu, inaandika kwamba karatasi ni ya bluu, profaili ikaona ni wajibu wake kuizima ile bluu kwa kumwaga njano kwenye vijivu. Alafu picha inaenda kuning'inia chini ya taa za LED ambazo nyingi hazina UV ya maana, bluu haiwaki, njano inabaki peke yake haina wa kupigana naye.

Kwenye ISO 13655, kiwango cha kimataifa cha kupima rangi za chapa, hali za kupimia zimepewa majina. M0 ndo ile ya zamani, taa ya tangsteni na kiasi cha UV hakijafungwa kwa sheria kali. M1 ni mwanga wa D50 (mwanga wa mchana uliokubaliwa kuwa kipimo) pamoja na UV yake. M2 ni UV imekatwa. Kifaa chako kikiruhusu kuchagua, kwa picha zitakazokaa ndani ya nyumba chini ya LED au nyuma ya kioo kinachozuia UV mi ningepima kwa M2, na kwa zile zitakazotazamwa kwa mwanga wa dirishani au kwenye kabati la D50 ningepima kwa M1. Kifaa kikiwa hakina chaguo, ArgyllCMS ina fidia ya ving'arishi kwenye colprof, amri yake ya kutengeneza profaili, ile swichi ya -f, ila inahitaji vipimo vya spektra (mwanga uliopimwa wimbi kwa wimbi), kolorimita haikupi hivyo. Au, na hii ndo ninayoipenda, badili karatasi. Zipo zisizo na king'arishi kabisa, weupe wake umetulia, na hazibadiliki rangi kadiri kemikali inavyochoka miaka ikienda. Utazoea.

SWALI: Nimekopi profaili lakini kwenye orodha ya programu haionekani. Alafu kuna nyingine niliibadilisha jina, bado inaonekana kwa jina la zamani!

JIBU: Jina linaloonekana kwenye orodha halitoki kwenye jina la faili, linatoka kwenye maelezo yaliyoandikwa ndani yake siku lilipotengenezwa. Kwa hiyo ukikopi faili moja ukaliita majina matatu, orodhani utaona jina moja, na hujui ipi ni ipi. Jina liandike vizuri ndani ya programu ya kutengenezea, printa, karatasi, aina ya karatasi ya kwenye draiva, na tarehe. Kuhusu kutoonekana: Windows bonyeza kulia kwenye faili uchague kuinstoli, litaenda lenyewe kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\drivers\color. Mac liweke kwenye /Library/ColorSync/Profiles. Funga programu ufungue upya, nyingi zinasoma orodha mara moja tu zinapowaka. Bado haionekani? Inawezekana ulitengeneza toleo la 4 la ICC na programu yako ni kongwe inajua toleo la 2 tu, tengeneza tena kwa toleo la 2, hupotezi kitu. Na wewe mwingine uliyeniandikia kwamba umetengeneza ya CMYK kisa katriji zako ni sayani majenta njano nyeusi, hapana kaka, draiva ya kawaida ya printa ya picha inapokea RGB na kugawa wino yenyewe, kwa hiyo profaili yake ni ya RGB. CMYK ni kwa mwenye RIP, yani programu maalumu inayoendesha printa na kugawa wino badala ya draiva.

SWALI: Nimehamia karatasi za sanaa zisizong'aa. Profaili nimetengeneza vizuri tu lakini weusi ni kijivu, kama kuna vumbi juu ya picha. Kwenye glosi printa hiihii weusi ni weusi kweli.

JIBU: Sehemu ya jibu hutaipenda. Karatasi isiyong'aa haiwezi kupata weusi wa glosi, ndivyo ilivyo. Kwenye glosi nzuri na pigmenti nzuri utapima weusi wa L* 5 au chini (L* ni mwangaza, 0 ni nyeusi tupu, 100 ni nyeupe), kwenye isiyong'aa ukipata 15 au 16 shukuru. Kwa hiyo ukiziweka pembeni kwa pembeni utaumia bure, tazama ya mati ikiwa peke yake, jicho linazoea kwa sekunde.

Ila vumbi unalosema wewe linaweza kuwa zaidi ya hapo. Geuza karatasi. Sina utani. Nyingi za hizi zimepakwa upande mmoja tu, na upande wa pili ni karatasi ya kawaida inayokunywa wino kama kitambaa, ukichapia huko kila kitu kinapauka. Lowesha kidole kidogo uguse kona, upande uliopakwa unanata kidogo. Nimeshafanya kosa hili na chati nzima, nikapima nusu saa, nikatengeneza profaili ya mgongo wa karatasi, na cha kuchekesha ilikuwa profaili sahihi kabisa ya mgongo.

Pili, wino mweusi wenyewe. Printa nyingi za pigmenti zina weusi wawili, wa foto kwa ajili ya glosi na wa mati kwa ajili ya karatasi kama hizi, na anayechagua sio wewe, ni ile aina ya karatasi uliyoweka kwenye draiva. Ukiacha imekaa kwenye glosi, printa inamwaga weusi wa foto juu ya mati na unapata kijivu. Aina ya karatasi ndo inaamua pia kiasi cha wino kinachomwagwa na kwenye printa nyingine hata urefu wa kichwa juu ya karatasi, kwa hiyo ni uamuzi wa kwanza kabisa, kabla ya chati. Chapa kipande cha majaribio kwa aina tatu nne za mati, profaili zikiwa zimezimwa, chagua inayotoa weusi mzito bila wino kutambaa kwenye kingo, hiyo ndo iwe ya chati na ndo iwe ya picha zote za karatasi hiyo milele. Ukiibadilisha siku moja kwa bahati mbaya profaili imekufa siku hiyo.

Tatu, tiki ya fidia ya weusi (Black Point Compensation) kwenye Photoshop iwe imewekwa ukitumia relativu kolorimetriki. Bila hiyo vivuli vyote vilivyo chini ya uwezo wa karatasi vinamwagwa shimo moja.

SWALI: Ngazi ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe inatoka na mistari, mara pinki mara kijani. Printa au profaili?

JIBU: Swali zuri na lina jaribio rahisi ambalo wengi hawalijui. Zungusha picha nyuzi 90 uchape tena. Mistari ikizunguka pamoja na picha, basi iko kwenye rangi zenyewe, profaili au faili. Mistari ikibaki palepale kulingana na mwendo wa karatasi, ni kichwa cha printa, nenda kasafishe nozeli (vitundu vya wino), chapa mchoro wa kukagua mpaka kila mstari ukamilike, panga kichwa, na ile chati uliyopima kabla ya hapo itupe tu, manake inawezekana nozeli zilishaanza kuziba siku ileile.

Tuseme imezunguka na picha. Kabla ya profaili angalia faili, ngazi ya biti 8 iliyoeditiwa sana inakatikakatika yenyewe. Faili safi? Basi twende kwenye vipimo. Kiraba kimoja kilichosomwa vibaya kinatosha kuleta kijani katikati ya kijivu, profaili haijui kwamba ulitetemeka mkono, yenyewe inaamini kila namba uliyoipa na inajikunja kuifuata. Kwenye ArgyllCMS endesha profcheck uone viraba vyenye kosa kubwa kuliko vyote, mara nyingi utakuta vingi ni vizuri alafu vitatu vinne vina kosa la ajabu, na ukivitafuta kwenye karatasi utaona alama ya kidole, kifaa kilipita pembeni, au mstari mzima ulisomwa ukiwa wa jirani. Pima mstari huo tena. Mwenye subira apime chati nzima mara mbili achukue wastani.

Alafu idadi. Viraba 100 au 200 kwa printa yenye mikunjo mingi kwenye vijivu ni vichache, programu inakisia katikati ya viraba na hapo ndo pinki inapojificha. Nenda 800, 900, na ongeza viraba vya kijivu makusudi, targen, amri ya ArgyllCMS ya kupanga viraba, ina swichi ya -g kwa kazi hiyohiyo. Najua karatasi zinauma. Lakini kurudia mara nne kwa chati ndogo kunauma zaidi, we hesabu mwenyewe.

Na je, ulisubiri ikauke? Chati inayotoka saa hii rangi zake bado zinatembea, hasa wino wa dayi, ule wa rangi iliyoyeyushwa na sio chembechembe kama pigmenti. Pigmenti mi huwa naiacha usiku kucha, dayi siku nzima, imelala wazi na sio imerundikwa chini ya nyingine.

SWALI: Jirani yangu ana printa kama yangu kabisa, model ileile, karatasi ileile. Naweza kutumia profaili yake?

JIBU: Unaweza kujaribu, bure haiumi. Printa mbili za model moja siku hizi hazitofautiani sana kama wote mnatumia wino uleule wa asili, ila lazima akupe na setingi zake zote za draiva, profaili bila setingi ni ufunguo bila mlango. Mmoja wenu akitumia wino wa kujazia, sahau.

SWALI: Anga la bluu iliyokolea linatoka zambarau. Rangi nyingine zote safi. Nimejaribu perseptuali na relativu, perseptuali ndo mbaya zaidi.

JIBU: Hili limenitesa mwenyewe kwa hiyo nakuelewa dada yangu. Bluu kali ya skrini, ile karibu na B 255, iko mbali kabisa nje ya uwezo wa wino wowote wa kawaida, na profaili lazima iirudishe ndani kwa kupunguza ukolevu. Hesabu zenyewe zinafanyika kwenye CIELAB, mfumo wa 1976 wa kuandika rangi kwa namba kufuata jicho, na hiyo LAB ina kasoro inayojulikana upande wa bluu: ukipunguza ukolevu kwa mstari ulionyooka ndani ya hesabu, jicho linaona bluu inapinda kwenda zambarau. Programu nzuri zinalirekebisha hilo zinapotengeneza jedwali, nyingine hazihangaiki. Ndo maana perseptuali inaweza kuwa mbaya zaidi kwako, manake perseptuali kila programu inaitengeneza inavyojua, hakuna njia moja.

Cha kwanza washa prufu ya skrini (skrini ikuigizie chapa), kwenye Photoshop ni Ctrl na Y, chagua profaili yako, alafu washa onyo la rangi zilizo nje ya uwezo. Kama anga lote limefunikwa na lile onyo, kosa sio la vipimo, usirudie chati. Tumia relativu na fidia ya weusi, alafu ukiwa ndani ya prufu shusha ukolevu wa bluu peke yake na isogeze kidogo kuelekea sayani mpaka zambarau ipotee kwenye skrini. Sevu kama nakala ya kuchapa, ile ya asili usiiguse. Cha pili, kama programu yako inakuruhusu kuchagua chanzo cha ramani ya perseptuali, mfano colprof na ile -S, ipe nafasi ya rangi (mpaka wa rangi ambazo faili linaweza kubeba) unayotumia kweli. Ukiipa ProPhoto ambayo ni kubwa mno itabana rangi zote kwa ajili ya rangi ambazo picha yako haina, mpe sRGB au Adobe RGB uone anga linavyotulia.

SWALI: Profaili inakaa muda gani kabla ya kutengeneza nyingine?

JIBU: Hakuna tarehe. Ukibadilisha wino, karatasi, au kichwa, tengeneza nyingine siku hiyohiyo. Vinginevyo siku profaili inapozaliwa chapa ile picha ya majaribio niliyoitaja kule juu, andika tarehe nyuma, ifungie kwenye bahasha mahali pa giza. Baada ya miezi kadhaa au ukifungua pakiti mpya ya karatasi, chapa tena kwa setingi zilezile, iache ikauke, uziweke pembeni kwa pembeni chini ya taa moja. Ukiona tofauti, kagua nozeli kwanza. Zikiwa nzima na tofauti bado ipo, ndo uende kutafuta spektrofotomita ya kuazima.